Maji ya nyanya yaende wapi? Saladi tano za Shamu na namna ya kuchagua yako

Nimekulia kwenye kachumbari. Kitunguu kinakatwa vipete vyembamba, kinafikichwa kwa chumvi, kinaoshwa na kukamuliwa mpaka ukali ukitoke. Ndipo zinaingia tungule, ndimu na pilipili, na kazi imekwisha. Kachumbari ni mfuasi wa pilau. Sijapata kumwona mtu akiila peke yake na mkate akasema ameshiba.

Kisha nikahamia Maskati, nikapanga kwenye ghorofa lililojaa watu wa Shamu: Wapalestina, Walebanon, Wasyria, Wayordani. Huko nikakuta saladi ya nyanya ni tano au sita, kila moja ina jina lake na masharti yake, na ukikosea jina unasahihishwa hapohapo, kwa upole lakini unasahihishwa. Mwanzoni niliziona zote ni nyanya, ndimu na mafuta ya zeituni. Ilinichukua muda kuona kinachozitenganisha, nacho ni kitu kimoja: maji ya nyanya yanapelekwa wapi.

Nyanya karibu yote ni maji, asilimia 94 hivi. Ikate, itie chumvi, geuka uoshe sufuria. Ukirudi bakuli lina dimbwi. Kwenye kachumbari dimbwi hilo ni aibu ya mpishi. Kwa watu wa Shamu ndilo lenye utamu, na hawajakosea, kwa sababu ule utelezi unaozunguka mbegu una ladha nzito zaidi, ile inayoifanya supu iwe supu, kuliko nyama ya nyanya yenyewe. Kwa hiyo kila saladi yao imelitafutia dimbwi kazi. Moja inalifanya mchuzi wa kuchovya mkate. Nyingine inalitwanga na pilipili. Nyingine inalinywesha mkate mkavu, nyingine ngano, na kuna inayolikamata kwa ufuta uliosagwa. Ukishaamua maji yako yaende wapi, umeshachagua saladi.

Zitazame nyanya kwanza

Watu wa Shamu huita nyanya banadura, jina walilolipata kwa Waitaliano: pomodoro, yaani tufaha la dhahabu. Mmea wenyewe asili yake ni Amerika, kwa hiyo kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 hapakuwa na mtu wa Damasko wala Yerusalemu aliyewahi kuionja. Ukiziona saladi hizi zimekaa karibu na mizeituni na mkate, utadhani zina umri mmoja nayo. Ni wageni waliozoea nyumba haraka.

Nyanya za sokoni kwetu ni za namna mbili kwa kazi hii. Kuna zile ndefu, ngumu, za nyama nene, kama Rio Grande, Cal J au Tengeru 97, ambazo hupendwa kwa sababu zinavumilia tenga na barabara. Zikatwe leo, kesho bado zimesimama. Halafu kuna zile za mviringo zilizoiva mpaka zimelegea, ambazo muuzaji anakuwekea juu ya fungu kama nyongeza kwa sababu jioni hazitafika. Aina ya kwanza ni ya kukata vipande vidogo. Ya pili ni ya kuponda. Ukizibadilisha kazi, utalaumu mapishi bure.

Usiziweke kwenye friji kabla hazijaiva. Baridi inaua harufu ya nyanya, na nyanya isiyo na harufu haiokolewi na mafuta ya zeituni hata yawe ya bei gani. Ziweke mezani, kikonyo kikitazama chini, siku mbili tatu. Na noa kisu. Kisu butu hakikati ganda la nyanya, kinalisukuma, na maji yote yanaishia kwenye ubao kabla hujalifikia bakuli.

Salatat banadura na salata arabiyya: kisu kimoja, tabia mbili

Hizi mbili ndizo za kila siku, na ndizo watu wanazozichanganya.

Salatat banadura ni nyanya tupu. Hakuna tango, na katika nyumba nyingi nilizokula hakuna hata kitunguu. Chukua nyanya nne kubwa zilizoiva lakini zimesimama, karibu nusu kilo. Zikate mapande makubwa au duara nene kama kidole, uzipange kwenye sahani bapa, si bakuli. Ponda punje moja ya kitunguu saumu pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi mpaka iwe uji, ichanganye na juisi ya nusu ndimu na vijiko vitatu vya mezani vya mafuta ya zeituni, umwagie juu. Malizia kwa nanaa kavu iliyofikichwa kiganjani. Nasema nanaa kavu kwa makusudi: mbichi inakuwa jani juu ya nyanya, kavu inakuwa harufu ndani ya mafuta. Wengine wanaweka sumaki badala ya nanaa, au vyote viwili.

(Sumaki, si sumaku. Ni tunda dogo chachu la kichaka kinachoota Shamu na Uturuki, linakaushwa na kusagwa likawa unga mwekundu uliokolea. Likizo moja niliulizia kwenye duka la viungo Tanga, na muuzaji, bila kucheka, akanielekeza kwa mafundi redio. Siku hizi nabeba yangu.)

Sasa iache dakika kumi na tano. Hapa ndipo salatat banadura inapokuwa yenyewe. Chumvi inavuta maji, maji yanakutana na mafuta, thomu na ndimu, na chini ya sahani unapata mchuzi mwekundu wenye macho ya dhahabu. Mkate unamegwa, unapitishwa chini ya kipande cha nyanya, unazoa. Mezani kwa jirani zangu watoto waligombania mchuzi ule kuliko nyanya zenyewe. Kwa hiyo ukiitengeneza bila mkate pembeni umetengeneza nusu.

Salata arabiyya ni kinyume chake. Hii ni nyanya na tango kwa kiasi sawa, kitunguu kidogo, pilipili hoho ya kijani ukipenda, majani ya pasli ambayo wao huita bakdunis, vyote vimekatwa vidogo sana, kama punje za mahindi. Udogo huo si urembo. Ukiweka kijiko mdomoni unatakiwa upate kila kitu kwa mara moja, na maji yawe kidogo tu, yamelowanisha, hayajajaa. Hapa chumvi na ndimu vinatiwa dakika ya mwisho kabisa, watu wakiwa wameshakaa. Nyanya ngumu za tenga zinang'aa hapa. Tango lenye mbegu kubwa lipasue katikati, ukwangue mbegu kwa kijiko, maana nalo lina dimbwi lake na madimbwi mawili hayakai bakuli moja.

Jamaa wa kachumbari wataipenda salata arabiyya mara moja kwa sababu inafanana. Inakwenda na pilau, na samaki wa kukaanga, na mishikaki. Tofauti ni nani kiongozi. Kwenye kachumbari kitunguu kinaongoza na nyanya inafuata. Kwenye salata arabiyya kitunguu kikisikika sana, umezidisha. Hakikamuliwi kwa chumvi. Kinakatwa kidogo na kuwekwa kidogo, basi.

Na mafuta? Salatat banadura bila mafuta mazuri ya zeituni usiitengeneze, kwa kweli. Nusu ya ladha iko humo. Salata arabiyya inasamehe: nimeitengeneza kwa mafuta ya alizeti na ndimu ya kuzidisha kidogo, na hakuna aliyeuliza. Kama utanunua zeituni, nunua chupa ndogo ya kioo cheusi, uiweke mbali na jiko. Mwanga na joto vinayageuza yakawa na harufu ya karanga zilizochacha, na chupa kubwa inayokaa mwaka mzima juu ya kabati ni hasara yenye kizibo.

Kuna mlango wa pembeni hapa kwa asiyepata zeituni kabisa: salata ya tahini. Ni salata arabiyya ileile, lakini badala ya mafuta inachanganywa na ufuta uliosagwa. Ufuta tunao, Lindi na Mtwara wanaulima kwa wingi. Ukaange kwenye kikaango kikavu mpaka uanze kunukia, usiache ukawa wa kahawia maana utakuwa mchungu mdomoni, kisha usage mpaka utoe mafuta yake. Vijiko vitatu vya tahini hiyo, juisi ya ndimu moja, punje ya thomu, na maji kijiko kimoja kimoja. Maji yakiingia tu, tahini inakaza na kuwa kama udongo wa mfinyanzi, utafikiri umeiharibu. Endelea kukoroga. Kijiko cha tatu au cha nne inalegea ghafla na kuwa nyeupe. Maji yatakayotoka kwenye nyanya baadaye yatailegeza zaidi, kwa hiyo ianze ikiwa nzito kuliko unavyoitaka. Ni tamu mno na samaki wa kuchoma.

Dagga ya Gaza: ya kuponda

Hii ndiyo niipendayo, na sitajifanya sina upande.

Jina lake la vitabuni ni daqqa, kutokana na kitenzi cha Kiarabu cha kuponda. Gaza wanatamka dagga. Ni mzizi uleule uliotupa sisi neno dakika, maana dakika ni saa iliyopondwa ikawa chembe ndogo. Na chakula chenyewe ni hivyo: nyanya iliyopondwa, si iliyokatwa.

Nilifundishwa na mama mmoja wa Gaza aliyekaa mlango wa pili. Nilimwita Khalti, kama watoto wote wa ghorofa walivyomwita. Alikuwa na zibdiya, bakuli zito la udongo lisilopakwa rangi wala vanishi, lililofinyangwa kwao, alilolisafirisha likiwa limeviringishwa ndani ya sweta. Mchi wake ulikuwa wa mlimau, mfupi, umeshika umbo la kiganja chake. Siku ya kwanza nilimaliza kula nikalichukua bakuli kwenda kuliosha kama mgeni mwenye adabu.

"Binti yangu, sabuni?" alisema, akainuka kitini. "Utatulisha sabuni mwezi mzima."

Udongo ule unakunywa kila kitu. Unaoshwa kwa maji ya moto na chumvi tu, unaanikwa juani. Na kwa kuwa unakunywa, kila dagga inaacha kidogo kwa ajili ya dagga inayofuata.

Namna yenyewe: weka kwenye bakuli punje mbili za kitunguu saumu, nusu kijiko cha chai cha chumvi, pilipili mbichi mbili za kijani na kijiko kimoja cha chai cha mbegu za shibiti, ule mmea wa majani kama nyuzi ulio ndugu wa shamari. Ponda mpaka harufu ikupande puani. Hapo ndipo Gaza inapojitenga na Shamu nyingine: Beirut hawataki pilipili nyingi, Gaza pilipili na shibiti ndiyo sahihi yao. Kisha chukua nyanya nne zilizoiva mpaka zinakaribia kulegea, uzikate vipande, uzitie kidogo kidogo, ukiponda kwa kuzungusha. Usizimalize. Vipande vibaki vinaonekana, nusu mchuzi nusu nyanya. Majani ya shibiti yaliyokatwakatwa, juisi ya ndimu, mafuta ya zeituni ya kufunika juu. Inaliwa mara moja, kwa mkate, kutoka bakuli lilelile.

Maji ya nyanya hapa hayana pa kukimbilia wala hayatafutiwi pa kwenda. Yamekuwa ndiyo saladi.

Wengi wataniuliza kuhusu blenda. Nimejaribu, kwa uvivu, siku ambayo mkono ulikuwa unauma. Blenda inaingiza hewa, na nyanya ikishaingiwa na hewa inapauka na kuwa povu la waridi lenye ladha ya maji. Kinu kidogo cha mbao cha kutwangia thomu kinafaa, ila kijue kuwa kitanukia thomu daima. Kinu cha jiwe ni bora zaidi. Ukikosa vyote, bakuli zito na kitako cha glasi nene vitakufikisha, polepole. Shibiti ukiikosa, weka uzile kidogo. Haitakuwa ya Gaza tena, lakini italiwa. Pilipili usitoe. Kama una watoto mezani, tengeneza salatat banadura, usiifanye dagga kuwa mpole.

Jambo jingine la kuipima dagga kwa wengine: ndiyo pekee inayopenda nyanya zilizokwisha. Zile za fungu la jioni, zenye ufa karibu na kikonyo, zinazotoa maji ukizigusa, kata sehemu iliyoharibika utupe, zilizobaki ponda. Kwa bei hiyo hakuna saladi ya kuishinda.

Fattoush au tabbouleh: mkate unywe, au ngano inywe

Hizi mbili zinajulikana zaidi kwenye migahawa, na kusema kweli ni saladi za nyanya kwa ujamaa tu. Nyanya imo, haitawali. Lakini nyumbani mtu anachagua kati ya hizi na zile za juu, kwa hiyo zilinganishwe.

Fattoush imetoka kwenye kuokoa mkate. Jina lenyewe linatokana na neno la kumega vipandevipande. Mkate wa Kiarabu wa jana unakaangwa au kuokwa mpaka ukauke, unavunjwa, unachanganywa na majani ya saladi, nyanya, tango, figili, nanaa mbichi, bakdunis, na jani moja nene, lenye uchachu, liitwalo baqleh, ambalo kwetu huota lenyewe bustanini na watu wakaling'oa. Mchuzi ni ndimu, zeituni, thomu, sumaki nyingi, na wengi huongeza shira ya komamanga. Wakati wa Ramadhani iko kwenye futari za Shamu karibu kila siku, pembeni ya supu ya dengu.

Kwa mtu wa pwani hii ni saladi rahisi kuikubali, na tena tuna mkate unaoifaa kabisa: mkate wa ajemi. Ukate vipande, uoke mpaka uwe mgumu, unavunjika vizuri na unakunywa maji bila kuyeyuka. Chapati usijaribu. Nilijaribu. Chapati ina mafuta ndani, kwa hiyo haikauki, inakuwa ngozi, na ikilowa inakuwa ngozi iliyolowa. Wageni wangu walikuwa na adabu, wakaila pembeni pembeni.

Ugomvi wa fattoush ni mkate uingie lini. Wapo wanaouingiza mapema ulowe, wapo wanaoumwaga juu dakika ya mwisho ulie mdomoni. Mimi nagawanya: nusu unalala chini ya nyanya unywe maji yake, nusu unakaa juu ukiwa mkavu. Hilo halijanipatia sifa upande wowote.

Tabbouleh nitaipitia haraka, kwa sababu kama unatafuta saladi ya nyanya, hii ni saladi ya majani. Walebanon wanaipenda kiasi kwamba tangu 2001 Jumamosi ya kwanza ya Julai ni siku yake ya kitaifa, na Mlebanon akiona bakuli jeupe la ngano lenye vidoa vya kijani atakuambia hiyo siyo. Iwe kijani. Mafungu matatu makubwa ya bakdunis, fungu moja la nanaa, nyanya tatu ngumu, vitunguu vya majani, na ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kupasuliwa, ile laini kabisa iitwayo burghul, vijiko vitatu au vinne tu. Haipikwi. Inawekwa chini ya bakuli kavu, nyanya zilizokatwa vidogo zinamwagwa juu yake pamoja na ndimu, na kwa nusu saa ngano inakunywa maji ya nyanya na kulainika. Utaratibu huo ni wa akili sana: dimbwi limekwisha, ngano imeiva, na hakuna moto uliowashwa.

Ila kazi iko kwenye majani. Yaoshwe, yakaushwe kabisa, hata kwa taulo safi na subira ya saa nzima, kisha yakatwe kwa kisu kikali mara moja, si kutwangwa na kisu kwenda na kurudi. Bakdunis lililolowa likikatwa kwa kisu butu linakuwa matope meusi. Na tafadhali, giligilani si mbadala wake. Nampenda giligilani kwenye mchuzi na kachumbari, lakini tabbouleh yake inakuwa na harufu ya chatini. Usipopata bakdunis, tengeneza kitu kingine kwenye orodha hii.

Basi, ipi leo?

Ukirudi kazini saa moja usiku, una nyanya na mkate na hamu ya kukaa chini: salatat banadura. Dakika tano za kisu, kumi na tano za kuisubiri wakati unaoga. Hakuna nyingine inayokupa kiasi hicho kwa kazi ndogo hivyo, mradi mafuta yawe mazuri.

Kuna pilau, kuku wa kuchoma, wageni wengi wasiojulikana wanapenda nini: salata arabiyya. Haimuudhi mtu. Ikate mapema, iweke bila chumvi, ichumvie mezani. Niliwahi kuichumvia saa mbili kabla ya karamu ili "ladha ziingiane", na wageni walipofika nilikuwa na supu baridi yenye vipande. Kama ni samaki na zeituni haipo, ingia mlango wa tahini.

Nyanya zimeiva kupita kiasi, na wanaokula wanajua pilipili: dagga, bila kufikiri mara mbili. Lakini ni ya watu wanne, watano, wanaoweza kuchovya bakuli moja bila kuoneana haya. Kwa watu ishirini mkono hautatosha.

Mkate wa jana umebaki, na ni mwezi wa futari: fattoush. Inashibisha kuliko zote hizi, na ndiyo pekee ambayo nimeona mtu akila sahani nzima akaacha kinachofuata. Ina viungo vingi kuliko nyingine, kwa hiyo usiianze kama huna angalau sumaki au shira ya komamanga. Bila uchachu huo unabaki na majani na mkate.

Tabbouleh iwe ya siku ambayo una mtu wa kusaidiana naye kuchambua majani na una mazungumzo ya kutosha. Faida yake ni kuwa inaweza kusubiri saa moja mezani bila kuaibika, jambo ambalo dagga na fattoush hazina. Ukiipeleka mahali kwa bakuli lenye mfuniko, itafika salama.

Zikibaki

Hapa pia zinatofautiana, na kwangu hili lina uzito, maana natengenezea nyumba ya watu wawili.

Salatat banadura ya jana haiwi saladi tena, lakini imimine na mchuzi wake wote kwenye kikaango, ongeza thomu na pilipili, ichemke mpaka ikauke kidogo na mafuta yaelee. Wayordani na Wapalestina wana chakula kizima cha namna hiyo, galayet banadura, na asubuhi kinaliwa kwa mkate wa moto. Vunja mayai mawili humo, umepata kifungua kinywa. Salata arabiyya yenye tango usiikaange, tango la moto ni adhabu. Ikamue, iingize ndani ya mkate na mayai ya kuchemsha. Tabbouleh inalala kwenye friji siku moja na kuamka imenyauka lakini inalika. Fattoush iliyolala imekwisha, itupe, mkate umekuwa uji.

Dagga ikibaki, Khalti alikuwa akiifunika kwa sahani na kuiacha palepale kwenye zibdiya mpaka chakula cha usiku, kisha anaongeza nyanya moja mpya, anaponda mara tatu nne, na kumwaga mafuta upya juu yake.